Kamba za viatu: namna ya kuzifunga bila kuumiza miguu

Wengi wetu huku Kivu tunatembea kwa mguu: shambani, sokoni, shuleni, ibadani. Viatu vyetu mara nyingi ni vya mitumba, na vilizoea mguu wa mtu mwingine. Kununua vingine si rahisi, lakini kubadilisha namna ya kupitisha kamba hakuombi hata franga moja.

Njia ya kupishana. Ndiyo tunayoijua wote: kamba mbili zinapishana kutoka chini mpaka juu. Inakaza vizuri, nayo inafaa mguu usio na shida.

Kuruka tundu. Kama mguu unauma kwa juu, tusipishanishe kamba mahali hapo. Kila kamba ipande upande wake mpaka tundu linalofuata, kisha tuendelee kupishanisha. Hapo panapouma patapata nafasi.

Kushika kisigino. Kisigino kikicheza ndani ya kiatu, malengelenge yanatokea. Na tukishuka mlima, vidole vinagonga mbele na kucha zinakuwa nyeusi. Tukifika tundu la mwisho, tuingize kila kamba katika tundu la upande wake ili ibaki pete ndogo. Tupitishe kila kamba katika pete ya upande wa pili, tuvute, ndipo tufunge.

Mistari iliyonyooka. Juu kunaonekana mistari tu, kupanda kwa kamba kunafichwa chini. Inapendeza kwenye viatu vya ngozi vya siku ya ibada.

Na fundo je? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwamba mguu ukigonga chini fundo linalegea, na ncha zinazorukaruka zinalivuta mpaka lifunguke. Tuangalie masikio ya fundo: yakilala kutoka vidoleni kuelekea kifundo cha mguu, fundo ni dhaifu. Tugeuze mpishano wa kwanza tu, nayo yatalala kukingama kiatu.

Vidole vikipata ganzi, kamba imekazwa mno, tuilegeze. Wenye ugonjwa wa sukari wajiangalie miguu kila jioni, kwa sababu wanaweza kupata kidonda bila kusikia maumivu. Kidonda hicho, hata kikiwa kidogo, kipelekwe kituo cha afya mapema. Na wazee wetu wasioweza kuinama, tuwafungie sisi, tukiwauliza kwanza: hapa panabana?