Mwajiri Alijua Nini?

Sura iliyotangulia ilihusu vidole vilivyokatwa na mashine na migongo iliyovunjwa na mizigo. Majeraha hayo yana tarehe, yana mashahidi, yana picha za eksirei. Aliyeugua akili kwa sababu ya kazi mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Tena, akidai kwamba mwajiri alizembea, mahakama haitatosheka na ukubwa wa mateso yake. Itauliza mwajiri alijua nini, na alijua lini.

John Walker alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii katika halmashauri ya Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Alisimamia timu zilizoshughulikia watoto wanaoteswa majumbani. Katika miaka ya 1980 mashauri yaliongezeka, watumishi hawakuongezwa, na maombi yake kwa wakubwa hayakuzaa kitu. Novemba 1986 akazidiwa, akakaa nyumbani mgonjwa hadi Machi 1987. Aliporudi alikuwa ameahidiwa msaidizi. Msaidizi alikuja, akaondolewa baada ya muda mfupi, na majalada yaliyorundikana wakati wa ugonjwa yakawa yanamsubiri yeye. Septemba akaugua tena, na mwaka uliofuata akaachishwa kazi.

Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwaka 1994. Kwa ugonjwa wa kwanza halmashauri haikuwajibika, maana haikutarajiwa kujua kwamba kazi ile ingemwangusha. Kwa ugonjwa wa pili iliwajibika: ilishamwona akianguka, ikamrudishia mzigo uleule. Wakati rufaa ikisubiriwa, pande mbili zilikubaliana alipwe pauni 175,000. Naiona mantiki hii kuwa sahihi kisheria, lakini ni kali mno. Mtu aliumia mara mbili kwa kazi ileile, na mara ya kwanza ikahesabika kuwa onyo tu.

Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikaza zaidi katika kesi ya Hatton. Mwajiri anaruhusiwa kuamini kwamba mfanyakazi anamudu shinikizo la kawaida la kazi yake, isipokuwa awe anafahamu udhaifu fulani alionao. Tena uchovu na hasira havitoshi. Lazima uwepo ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, kama vile sonona.

Hapo ndipo wengi wetu tungeshindwa. Tumelelewa kuvumilia. Mtu halali usiku, anatetemeka akisikia simu ya ofisini, lakini bosi akimuuliza hali anajibu, "Niko salama, mzee." Jibu hilo la heshima laweza kugeuka ushahidi dhidi yake.

Zipo kazi ambazo hatari yake haihitaji kuelezwa na mfanyakazi. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi, aliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, pamoja na kampuni iliyomwajiri, akidai kazi ya kutazama video za ukatili ilimjeruhi akili. Miaka miwili kabla, Meta hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Facebook, ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa wachujaji wa Marekani waliodai madhara ya namna hiyo, bila kukiri kosa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Kwa maoni yangu, baada ya malipo yale ya Marekani ni vigumu kwa yeyote katika biashara hiyo kusema hakujua.

Njia nyingine ni mifuko ya fidia, kama Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) wa Tanzania. Huko huhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Unahitaji kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Shirika la Kazi Duniani liliingiza magonjwa ya akili katika orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010, lakini kila nchi ina orodha yake, hivyo soma ya kwenu kabla ya kudai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kazi ikianza kukuumiza usingoje uanguke. Nenda kwa daktari, mweleze kazi unayofanya, naye aiandike kwenye faili lako. Kisha mwandikie mwajiri barua yenye tarehe, na nakala ukaiweke nyumbani.