Vipimo vyote safi, mbona moyo unaenda mbio?

Nianze na kisa changu, maana bila hicho nisingeandika mada hii. Mwaka wa pili, wiki ya mitihani ya mwisho wa semista, nimekaa kwenye chumba cha mtihani, karatasi hata hazijagawiwa. Ghafla moyo ukaanza kudunda kama nimetoka kupanda ghorofa kumi kwa miguu. Jasho mikononi, vidole vinakufa ganzi, pumzi haishuki. Nikajua nakufa. Sitanii, nilijua kabisa kwamba leo ndiyo leo. Nikatoka nje, msimamizi ananishangaa, na baada ya kama robo saa nikawa mzima, nimekaa kwenye kimbweta shati limelowa.

Zahanati wakanipima malaria. Hakuna. Wiki mbili baadaye ikanirudia ndani ya daladala. Nikapimwa malaria tena, taifodi, na presha. Hakuna. Mara ya tatu nikapewa dawa ya malaria hivyo hivyo, eti kwa tahadhari. Nyumbani mama mdogo akasema huyu karogwa na watu wasiopenda asome. Katika safari zote hizo hakuna aliyeniuliza kama nalala usiku, au ninaogopa nini.

Kilichonipata kina jina: shambulio la hofu. Na ukielewa jinsi linavyofanya kazi, nusu ya nguvu yake inaisha, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Ndani ya ubongo wako kuna sehemu ndogo, ukubwa wa korosho hivi, inaitwa amigdala. Kazi yake ni ya mlinzi wa getini: ikihisi hatari inapiga filimbi kwanza, maswali baadaye. Filimbi ikilia, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakimbia ili misuli ipate damu ya kutosha. Damu inapungua tumboni, ndiyo maana tumbo linavuruga. Unatoka jasho ili mwili upoe. Unapumua haraka ili upate oksijeni. Kama mbele yako kuna nyati, mpangilio huu ni mzuri sana. Tatizo ni kwamba mbele yako kuna karatasi ya takwimu.

Sasa sikiliza hii ya pumzi, maana ndiyo inayotisha watu zaidi. Ukipumua haraka huku umekaa tu, unatoa kaboni dioksidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Hewa hiyo tumezoea kuiita uchafu, lakini damu inaihitaji kwa kiasi fulani ili isipoteze uwiano wake wa asidi. Ikipungua ghafla, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa kidogo, unapata kizunguzungu. Kalsiamu iliyo huru kwenye damu inapungua, na neva zinakuwa nyepesi kushtuka, ndipo vidole na midomo vinapowashawasha na kufa ganzi. Wewe unahisi hewa haitoshi, kumbe umepumua kupita kiasi. Unavuta zaidi, hali inazidi.

Kisha akili inaingilia. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza jambo ambalo kwangu ndilo lililofungua mlango: shambulio la hofu linakua kwa sababu ya tafsiri. Moyo unadunda, unasema "ni ugonjwa wa moyo". Hofu hiyo inaleta adrenalini zaidi, moyo unadunda zaidi, unasema "si nilijua!" Duara linajifunga hapo. Kwa kawaida kilele chake kinafika ndani ya dakika kumi hivi, halafu kinashuka chenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kukaa kwenye kengele ya moto mchana kutwa. Angalizo la lazima: mara ya kwanza ukipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, nenda kapimwe. Pumu, matatizo ya moyo, upungufu wa damu na tezi ya shingo vinaweza kufanana na hali hii. Ninachosema ni kwamba vipimo vikiwa safi, uchunguzi usiishie hapo.

Kinachougeuza mshtuko wa siku moja kuwa ugonjwa ni kukwepa. Mimi niliacha kupanda daladala zenye watu wengi. Kila nilipokwepa nilipata nafuu ya papo hapo, na ubongo ukajifunza somo baya: "Tumepona kwa sababu hatukupanda." Dunia yangu ikaanza kupungua, mpaka ikabaki chumba, kantini na maktaba ya asubuhi kabla watu hawajajaa.

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1960 daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, Raymond Prince, aliandika kuhusu wanafunzi aliowatibu Nigeria. Walilalamika kichwa kuwaka moto, kitu kutambaa ndani ya fuvu, macho kushindwa kusoma, kusoma ukurasa mzima na kutobakiwa na kitu. Akadhani ni ugonjwa wa pekee wa wasomi wa Kiafrika, akaupa na jina. Watafiti wa baadaye walipochunguza wanafunzi wa aina hiyo waliona kwamba wengi wao walikuwa na wasiwasi uliopitiliza au sonona, ila walikuwa wanaueleza kwa lugha ya mwili. Na sisi je? "Kichwa kinawaka", "nina mawazo mengi", "mwili hauna nguvu". Mtu wa Tandale akimwambia daktari hivyo, anazungumzia hisia zake, na daktari mwenye foleni ya watu sitini anaandika panado.

Lugha yenyewe nayo inatupunja. Mtaani tuna maneno mawili tu: stresi, ambayo kila mtu anayo, na kichaa, ambaye anapelekwa Mirembe kule Dodoma. Katikati hakuna kitu, wakati wengi wanaoumwa wako hapo katikati.

Hebu tuyatenganishe. Msongo wa mawazo ni mzigo unaoujua jina. Bumu limechelewa, hujapata chumba umebebwa na rafiki kitanda kimoja, una sapu mbili na ukiteleza unadisko, na wewe ndiye wa kwanza ukoo mzima kufika chuo kikuu. Mzigo ukitua, unapumua. Wasiwasi kama ugonjwa haungoji mzigo. Mtihani umepita, umefaulu, na bado usiku unahesabu mabati.

Sonona ni kitu kingine tena, na watu wengi wanaikosea kwa sababu wanatafuta machozi. Dalili kubwa ni mbili: huzuni au utupu usioondoka, na kupotea kwa ladha ya mambo uliyoyapenda. Yule jamaa ambaye hakosi mechi ya Simba na Yanga, leo wanacheza yeye amelala ameangalia ukuta. Kuna nyingine zinaambatana nazo: usingizi kupungua au kuzidi, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kutotulia, kujiona huna thamani, kuwaza kifo. Zikifika tano kati ya hizi tisa, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za kwanza, siku nyingi kwa muda wa wiki mbili au zaidi, na zikavuruga maisha yako, daktari anaanza kufikiria sonona. Ona hapo suala la kutulia kwenye jambo moja. Mwanafunzi anashindwa kusoma, anajiita mvivu, anajichukia kwa uvivu, anazidi kushindwa. Wahadhiri wengi nao wanaishia kwenye hilo neno uvivu. Kwa maoni yangu hakuna neno lililoficha wagonjwa wengi chuoni kama hilo.

Je, ni wengi kiasi gani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliangalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu 14,000 katika vyuo 19 vya nchi 8. Asilimia 35 walikuwa wamewahi kuwa na angalau tatizo moja kati ya sita yaliyoulizwa, na asilimia 31 walikuwa nalo ndani ya mwaka mmoja uliopita. Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake, kwa hiyo usizibandike namba hizo Mlimani au Dodoma kama zilivyo. Umri nao una sehemu yake. Takwimu za Marekani za mwaka 2005 zilionyesha kwamba robo tatu ya wanaopata matatizo ya akili maishani, yanawaanza kabla ya miaka 24 kuisha. Ni umri huu huu wa chuo ambapo magonjwa mazito zaidi, yale ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi hujitokeza. Bangi inaongeza hatari hiyo, hasa kwa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Mada hiyo tutaiandikia siku yake.

Tiba ipo, na si ya maajabu. Kwa wasiwasi, mazungumzo yenye mpangilio na mshauri hufanya kazi mbili: yanarekebisha ile tafsiri ("moyo unadunda, si kwamba unasimama"), halafu yanakurudisha kidogo kidogo kwenye ulichokikimbia. Kituo kimoja cha daladala, kesho viwili. Hofu inapanda, unabaki pale pale, inashuka, ubongo unajifunza upya. Kwa sonona, mazungumzo yanasaidia, na dawa kama fluoksetini zinasaidia hasa hali ikiwa nzito. Hizo dawa watu huziacha siku ya tano wakisema hazifanyi kazi. Huchukua wiki kadhaa, na kuziacha ni kwa maelekezo ya daktari.

Utaniambia wataalamu wako wapi. Kweli ni wachache mno. Zimbabwe walikuwa na shida hiyo hiyo, na mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsikiliza, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 katika zahanati 24 yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kwa hiyo ukienda ofisi ya mlezi wa wanafunzi ukamkuta mshauri mmoja aliyepata mafunzo, usimdharau kwa sababu si daktari bingwa.

Jambo moja usilizungushe. Kama mwenzako chumbani anasema amechoka kuishi, anagawa vitu vyake, au ametulia ghafla baada ya wiki za giza, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Tafiti hazijaonyesha kwamba swali hilo linampandia mtu wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, mwite mtu mzima mnayemwamini na mmpeleke hospitali usiku huo huo. Akikwambia usimwambie mtu, hiyo siri usiitunze. Na kama anayewaza hivyo ni wewe unayesoma, amsha mtu wa kitanda cha jirani sasa hivi, uwe umejipanga cha kusema au hujajipanga.

Mimi nilipata msaada kwa bahati tu. Nesi aliyenichoma sindano mara ya nne ndiye aliyevuta kiti, akaniuliza, "Mwanangu, nyumbani kwema?" Nikaongea saa nzima, yeye akanielekeza kwa mshauri. Ule mtihani niliurudia wakati wa sapu, nimekaa karibu na mlango kwa makubaliano na msimamizi. Moyo ulidunda dakika za mwanzo. Nikatoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ninayoingiza, nikasoma swali la kwanza mara mbili, nikaanza na la tatu kwa sababu ndilo nililolijua.