Kiti cha Mwanafunzi ni Amana

Vijana wetu wa Ujiji na Kigoma waliomo vyuo vikuu hurejea likizoni, na baadhi yao hutuarifu kuwa wanataka kugombea uwakilishi wa wanafunzi katika vikao vya chuo. Wazazi wengi huingiwa na hofu, wakasema: "Mwanangu, kasome, usitafute makuu."

Hofu hiyo haikuzuka bure. Julai 1971, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya aliyekuwa rais wa wanafunzi, aliuandikia uongozi barua ya wazi, akilalamika kuwa wanafunzi hawashirikishwi katika maamuzi. Alikamatwa na askari, akarudishwa kwao. Wenzake wakagoma kuingia darasani. Lakini tutazame na mwisho wake: baada ya msukosuko ule wanafunzi waliongezewa nafasi katika vyombo vya chuo. Basi kiti hicho kimepatikana kwa taabu ya waliotangulia.

Ewe mzazi, usimkataze mwanao, mhoji. Je, atasoma kanuni na makabrasha kabla ya kikao? Atayasemea mabweni na mikopo iliyochelewa, hata kwa ajili ya yule asiyempigia kura? Atarudi kuwaeleza wenzake yaliyoamuliwa, hata yakiwa machungu? Akiweza hayo bila kuyatupa masomo, mwombee dua, kwani kushauriana ni katika mafunzo ya dini yetu. Akitaka jina tu, mzuie: nahodha asiyejua upepo wa Tanganyika hazami peke yake.