Kupamba Samani kwa Kalibu

Kabati au kitanda chenye nakshi hupendeza macho, lakini kazi ya patasi huchukua siku nyingi, na bei yake huwashinda watu wengi. Kwa sababu hiyo mafundi walibuni njia nyingine: ua huchongwa mara moja tu, hufanyiwa kalibu, kisha hutolewa maua mengi yaliyo sawasawa. Katika karne ya 18 msanifu Robert Adam alipamba nyumba za wakubwa wa Uingereza kwa njia hiyo. Kwetu pwani, mafundi wa Lamu wa karne hiyohiyo walichonga lipu ya chokaa kwa mkono, na zidaka zao zaonekana hata leo. Kazi ya kalibu ni nyepesi kuliko hiyo. Seremala wa Eldoret aiweza, na mwenye nyumba pia, mradi afuate taratibu.

Kalibu ni chombo kilicho kinyume cha pambo: palipoinuka katika pambo, katika kalibu pamebonyea. Zinazouzwa siku hizi aghalabu ni za silikoni, kitu kama mpira, nazo hukunjika bila kuvunja pambo lililomo. Asiye nazo na atumie udongo wa mfinyanzi. Audongeshe vizuri, autandaze, kisha akandamize juu yake kipande cha mti kilichochongwa na kupakwa mafuta, akiondoe taratibu. Kalibu ya udongo hutoa pambo moja au mawili, kisha huharibika.

Kinachomiminwa ndani ni plasta ya Paris, yaani jasi iliyopikwa motoni hata maji yake mengi yakatoka, ikasagwa. Ikirudishiwa maji hugeuka tena kuwa kama jiwe. Pima kikombe kimoja cha maji kwa vikombe viwili vya plasta. Nyunyiza plasta ndani ya maji, wala usimwage maji juu ya plasta; koroga polepole ili mapovu yasiingie. Mimina upesi, ugongegonge kalibu kidogo ili hewa itoke.

Baada ya nusu saa hivi pambo litakuwa gumu, lakini kuwa gumu siko kukauka. Eldoret uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, kuna baridi, na mvua hunyesha miezi mingi. Basi pambo liachwe siku kadhaa mahali penye hewa, kwa maana rangi iliyopakwa juu ya unyevu hubambuka.

Likikauka, piga msasa mgongo wake na mahali litakapokaa, tia gundi ya mbao, kandamiza kwa upole, ulishike kwa utepe mpaka gundi ishike. Ziba nyufa kwa plasta laini, kisha paka rangi. Mapambo hayo yafaa mlango wa kabati, kichwa cha kitanda na fremu ya kioo. Hayafai mkono wa kiti, maana hugongwa, wala mahali panaponyeshewa, maana jasi hulika kwa maji.

Jambo moja halina mzaha. Plasta inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi huweza kuunguza nyama. Mwaka 2007 huko Uingereza msichana wa shule aliyetia mikono katika ndoo ya plasta ili atoe mfano wake alipoteza karibu vidole vyote. Kwa hiyo usitie kamwe mkono wako, wala wa mtoto, ndani ya plasta. Jifunge kitambaa puani wakati wa kupima, kwa sababu ya vumbi, na masalio usiyamwage katika bomba la maji machafu. Yataganda humo na kuliziba.

Mwisho, pambo haliungi kiungo kilicholegea. Meza inayoyumba itayumba vilevile ikiwa na maua. Fundi na amalize kwanza kazi ya useremala, ndipo apambe. Na mnunuzi aitikise meza na kuivuta droo kabla hajasifu nakshi, asije akatoa fedha zake kwa ajili ya plasta tu. Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.