Kupakia, Kubandika na Kushirikisha: Istilahi za Mitandao ya Kijamii katika Kazi ya Maktaba

Makala haya yanahusu maneno machache ambayo mtumishi wa maktaba hukutana nayo mara tu anapoagizwa kufungua ukurasa wa maktaba yake katika mitandao ya kijamii. Si maneno mageni kabisa. Mengi yao yamo vinywani mwa watu kila siku. Tatizo ni kwamba yamo vinywani kwa maana tatu au nne kwa pamoja, na mkutubi hana budi kuchagua moja, kwa kuwa yeye ndiye atakayemwelekeza msomaji, mwalimu na mwanafunzi.

Tumeuchukua Bagamoyo kuwa mahali pa mfano. Mji huu, ulio kilomita zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam, unajulikana zaidi kwa misafara, kwa misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, kwa magofu ya Kaole na kwa chuo chake cha sanaa. Lakini kwa watu wa maktaba, Bagamoyo una sifa nyingine. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Wahitimu wake hutawanyika katika maktaba za mikoa, za shule na za ofisi nchini, na neno walilolizoea darasani husafiri nao. Istilahi ikikaa vibaya Bagamoyo, itakaa vibaya Songea na Bukoba.

Duniani kote wakutubi walikuwa miongoni mwa watumishi wa kwanza kufundishwa mambo haya kwa utaratibu maalumu. Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, iliwaandalia watumishi wake mafunzo ya mambo 23, kila mmoja akijifunza kwa kutenda: afungue blogu yake, aweke picha, aonje wiki, asikilize matangazo ya sauti. Mpango huo ulienea hadi maktaba za nchi nyingi. Kwa mtu anayetaka kuufuata kwa Kiswahili, kikwazo cha kwanza hakikuwa mashine. Katika miaka ya 2004 na 2005, waandishi wetu wa kwanza katika uwanja huu walikuwa wakiiita blogu “gazeti tando”, jina zuri lenye picha ya kueleweka. Hata hivyo watumiaji wameshika “blogu”, na mfasiri wa leo hana sababu ya kushindana nao.

Tuanze na jozi iliyofaulu. “Kupakia” na “kupakua” ni maneno ambayo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Jahazi hupakiwa likiwa linakwenda, hupakuliwa likiwa limefika. Mashina haya mawili yanapingana kama yanavyopingana bandika na bandua, au funika na funua. Kwa hiyo mwanafunzi akilijua moja amelijua na la pili. Linalohitaji kuelezwa ni nani pwani na nani chombo. Simu au kompyuta ya maktaba ndiyo pwani, na huduma iliyo mbali ndiyo chombo: picha ikitoka kwetu kwenda huko, tumeipakia, kitabu kikitoka huko kuja kwetu, tumekipakua. Jikoni napo maana ni hiyo hiyo, kwani pilau hupakuliwa kutoka sufuria ya wote kwenda sahani ya mlaji. Wengine husema “kupandisha” na “kushusha”. Hatuyakatai, lakini maneno hayo yanamtaka msemaji ajue kwanza juu ni wapi na chini ni wapi, jambo ambalo halionekani popote mezani pa mkutubi.

Jozi hii ina upungufu mmoja, na mwalimu aueleze mapema. Jahazi likipakuliwa hubaki tupu, na sufuria vivyo hivyo. Faili likipakuliwa, asili yake hubaki pale pale; wasomaji mia wanaweza kulipakua bila ya mmoja kumnyima mwenzake. Pengine “kunakili” lingekuwa sahihi zaidi kimantiki, ila limekwisha shikwa na kazi nyingine, nayo ni kutoa nakala ndani ya mashine ile ile.

Bahari imetupa na neno la pili. “Kuvinjari” ni kwenda huku na huku kwa kuangalia, kama chombo kinachofanya doria. Leo ni kupita katika kurasa za mtandao, na programu inayotupitisha huitwa kivinjari. Katika mazungumzo ya mjini “kuperuzi”, lililotoka katika Kiingereza, linasikika zaidi. Yote mawili yataishi. Katika maandishi ya ofisi twapendelea kuvinjari, kwa kuwa limeshazaa nomino.

Sasa tuje kwenye lililo gumu. Mtumishi akiandika tangazo katika ukurasa wa maktaba kwamba vitabu vipya vya hadithi vimewasili, amefanya nini? Mtaani wanasema “ameposti”. Wafasiri wamegawanyika: wengine wanasema “amechapisha”, na kilichoandikwa huitwa chapisho, wengine wanasema “amebandika”, na kilichoandikwa ni bandiko. Kwa mwandishi wa habari, chapisho linafaa. Kwa mkutubi linaleta vurugu, maana machapisho ndiyo mali aliyoajiriwa kuitunza: vitabu, majarida, ripoti za serikali. Taarifa ya mwaka ikisema kwamba maktaba “ilikuwa na machapisho 300”, mkaguzi atahesabu nini: vitabu rafuni au matangazo mtandaoni? Kwa sababu hii tunapendekeza bandiko litumike katika kazi za maktaba. Lina faida ya pili pia: kila maktaba ina ubao wa matangazo, na mtumishi anajua ni nani mwenye ruhusa ya kubandika hapo.

Hata hivyo asidanganywe na ule ubao. Karatasi ikibanduliwa imekwisha. Bandiko la mtandaoni likiondolewa, nakala zake huenda zimo katika simu nyingi asizozijua. Na mbele ya sheria jina tulilochagua halimkingi mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo kwa njia ya kompyuta, na aliyebandika anaweza kuhesabiwa kuwa amechapisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, tofauti za namna hii zimetoka katika madaftari ya wanaistilahi na kuingia katika maisha ya watu.

Neno linalotutia wasiwasi zaidi ni lile ambalo vitufe vya baadhi ya programu huliandika “Shiriki”. Kushiriki ni kuwa mmoja katika jambo: tunashiriki mkutano, tunashiriki ngoma, tunashiriki mazishi. Mtumishi mpya anayekiona kitufe hicho chini ya picha ana haki ya kudhani kwamba akikibonyeza anajiunga tu na wenzake. Kumbe anaipeleka picha kwa watu wengine. Tuseme ni picha ya watoto wa shule wakisoma katika chumba cha maktaba, majina yao yakisomeka katika madaftari. Aliyeandika “Shiriki” amemficha mtumishi tendo analolitenda, na tendo lenyewe sasa lina sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kiswahili hakikosi maneno hapa. Yapo mawili, na kila moja lina mahali pake. “Kushirikisha” ni kumpa mtu mwingine sehemu katika jambo, naye anajulikana: mkutubi anawashirikisha walimu watano orodha ya vitabu vya kiada. “Kusambaza” ni kueneza bila kumtaja mpokeaji. Tunawashauri wafasiri watenganishe hivyo: kitufe kinachopeleka kwa watu au kundi lililochaguliwa kiandikwe “Shirikisha”, na kile kinachoweka jambo wazi kwa umma kiandikwe “Sambaza”. Najua, watasema baadhi ya wenzetu wa programu, nafasi ya kitufe ni ndogo. Herufi tatu zaidi ya “Shiriki” si gharama kubwa kwa mtu kujua analolifanya.

Kuhusu wale wanaoufuata ukurasa wa maktaba, “wafuasi” ndilo lililoenea. Sisi hatulipendi katika barua za serikali. Mfuasi ana kiongozi, ana imani au itikadi. Mtumishi wa umma anayeripoti kwamba ofisi yake “imepata wafuasi wapya” anajiweka katika sura isiyo yake. “Wafuatiliaji” linatosha, kwa kuwa kufuatilia ni kutaka kujua linaloendelea, pasipo kula kiapo. Tunafahamu kwamba neno refu hushindwa mara nyingi na fupi, na huenda likashindwa hapa pia.

“Mtandao” wenyewe umechoka kwa kazi nyingi. Limetokana na kutanda, nalo huitwa huko pia intaneti, huduma ya kampuni ya simu, ushirika wa asasi, hata genge la wahalifu. Mtu wa Mapinga au Zinga akisema “mtandao umekatika”, msikilizaji huelewa kwa muktadha. Msomaji wa mwongozo ulioandikwa hana muktadha huo. Katika miongozo iandikwe intaneti inapokusudiwa intaneti, na mtandao wa kijamii inapokusudiwa hiyo, bila kufupisha.

Limebaki suala la alama ile yenye mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, ambayo baadhi ya waandishi wameiita “alama ya reli”. Jina ni la kuchekesha kidogo, lakini jicho linalikubali mara moja. Mkutubi ataielewa kuliko wengi akilinganishiwa na kazi yake ya zamani. Katika mfumo wa Dewey, ulioanzishwa mwaka 1876, kitabu cha historia ya Tanzania hupata namba 967.8 na cha lugha ya Kiswahili 496.392, kila kimoja kina mahali pamoja rafuni, na mahali hapo huamuliwa na mtaalamu. Alama ya reli huwekwa na yeyote, na bandiko moja laweza kubeba tano. Hakuna anayezuia mmoja aandike Kaole, mwingine magofu, wa tatu historia, kwa picha ile ile. Maneno yanayofuata alama hiyo sharti yaunganishwe, kwani mashine huishia kusoma penye nafasi ya kwanza: ukiandika “Historia” kisha ukaacha nafasi kabla ya “ya Bagamoyo”, utapata historia ya kila mahali. Hivyo huandikwa HistoriaYaBagamoyo, herufi kubwa zikisaidia macho. Kanuni zetu za tahajia haziruhusu umbo hilo katika maandishi mengine, nasi hatukusudii kuliruhusu; lichukuliwe kama namba ya rafu, ambayo nayo haisomwi kama sentensi.