Kabla ya Kununua Nyumba: Namna ya Kukagua Upatikanaji na Ubora wa Intaneti

Anayenunua nyumba huuliza kwanza habari za hati, mipaka, maji, umeme na barabara. Maswali hayo ni ya msingi na hayana budi kuulizwa. Lipo, hata hivyo, swali jingine ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka wakati fedha imekwisha kulipwa na vyombo vimekwisha kuhamishwa: je, intaneti inafika katika nyumba hii, na ikifika, ina ubora gani?

Swali hilo si la anasa tena. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, zabuni za serikali hupatikana katika mfumo wa NeST, na maombi ya mikopo ya elimu ya juu hutumwa kwa mtandao. Familia iliyotumia akiba ya miaka mingi kununua nyumba isiyofikiwa na huduma hiyo hulazimika kuifuata mjini, kwa nauli na kwa muda, kila inapohitajika.

Njia ambazo intaneti hufika nyumbani

Njia ya kwanza ni faiba, waya mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga. Ubora wake haupungui upesi kwa umbali, na kwa hiyo ndiyo njia ya kuaminika zaidi pale ilipo. Ya pili ni waya wa shaba wa simu ya mezani. Huu hudhoofika kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu. Umbali ukikaribia kilomita 5, kasi huwa ndogo sana au huduma hushindikana kabisa. Ya tatu ni mnara wa simu za mkononi, ambao ndio tegemeo la kaya nyingi za vijijini. Ya nne ni setilaiti, ambayo hufika hata pasipo na mnara, lakini mnunuzi hana budi kuthibitisha kwamba mtoa huduma ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Wapo wanaoridhika wakisikia kwamba Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita karibu na kijiji. Mkongo kupita si huduma kufika. Mfano wake ni nyaya za umeme mkubwa zinazopita juu ya mashamba: pasipo transfoma na nguzo ndogo, taa haiwaki. Vivyo hivyo, faiba ya nyumbani huhitaji sanduku la mgawanyo lililo karibu, na sanduku hilo lina nafasi zenye hesabu. Likijaa, mteja mpya husubiri, hata kama jirani yake wa ukuta mmoja ameunganishwa.

Hatua za ukaguzi

Hatua ya kwanza ni kuwauliza majirani wawili au watatu: wanatumia mtandao gani, hukatika mara ngapi, na ukikatika hurejeshwa baada ya muda gani. Majibu yao hupimwa pamoja, kwa kuwa mtumiaji wa ujumbe mfupi na anayefanya kazi kwa video hawana kipimo kimoja cha kuridhika.

Hatua ya pili ni kumwandikia mtoa huduma, kwa kutaja namba ya kiwanja au mahali hasa nyumba ilipo. Aulizwe kama nafasi ya kuunganisha ipo, gharama ni kiasi gani, nguzo ngapi zitahitajika, na kama waya utapita katika eneo la mtu mwingine, jambo linalohitaji ridhaa ya mwenye eneo. Jibu la maandishi lina uzito kuliko ahadi ya mdomo.

Hatua ya tatu ni kupima ndani ya nyumba yenyewe. Mnunuzi afike na laini za mitandao tofauti, asimame katika chumba kitakachotumika, afunge milango, kisha apime. Kuta nene za zege, paa la bati, vilima na miti mikubwa hupunguza mawimbi, na kipimo cha uani hakielezi hali ya chumbani. Vipimo vifanyike asubuhi, mchana, na kati ya saa 1 na saa 4 usiku, ambapo watu wengi wako mtandaoni. Alama za nguvu ya mawimbi kwenye simu huonyesha jinsi mnara unavyosikika. Hazionyeshi ni watu wangapi wanaugawana. Ndiyo maana simu yenye alama zote inaweza kukwama usiku.

Pale ambapo nyumba imekwisha kuunganishwa, kipimo kifanywe kwa kompyuta iliyochomekwa kwa waya kwenye ruta, ili udhaifu wa Wi-Fi usidhaniwe kuwa udhaifu wa laini. Kwa laini ya shaba, simu ya mezani iinuliwe na kusikilizwa: mkwaruzo au mvumo usiokoma ni dalili ya kiungo kilicholiwa na kutu au kuingiwa na maji. Muuzaji aulizwe pia kama lipo deni, na kama ruta itabaki.

Kuyasoma matokeo

Kipimo hutoa tarakimu tatu. Ya kwanza ni kasi ya kupakua, yaani kupokea; ya pili ni kasi ya kupakia, yaani kutuma; ya tatu ni muda wa mrejesho, unaohesabiwa kwa milisekunde. Kasi huandikwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili huandikwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo faili la megabaiti 700 kwenye laini ya megabiti 10 huchukua takriban dakika 9, wala si sekunde 70 kama wengi wanavyodhani.

Anayefundisha au kufanya mikutano kwa video atazame sana kasi ya kupakia na muda wa mrejesho. Mrejesho wa chini ya milisekunde 50 ni mzuri. Ukizidi 150, wazungumzaji huanza kukatishana maneno. Ikumbukwe pia kwamba si kila hitilafu ni ya laini ya nyumba. Tarehe 12 Mei 2024, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na SEACOM kulidhoofisha intaneti nchini kote. Kipimo kibaya cha siku moja kirudiwe siku nyingine kabla ya kuamua.

Iwapo huduma haipo

Kukosekana kwa huduma si lazima kuwe mwisho wa mauziano, lakini ni hoja halali katika kujadili bei. Pale ambapo muuzaji ameahidi kuunganisha, ahadi hiyo iandikwe katika mkataba pamoja na tarehe ya kukamilika, na sehemu ya malipo isubiri utekelezaji.

Kwa maeneo yasiyo na mnara, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), unaotoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge mahali pasipo na mvuto wa kibiashara. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Wakazi ambao eneo lao bado halina mawasiliano wanashauriwa kuwasilisha taarifa kwa Mtendaji wa Kata, wakitaja kitongoji na taasisi zilizopo, kama shule na zahanati. Malalamiko kuhusu huduma iliyokwisha kulipiwa hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma. Asipoyatatua, hupelekwa TCRA, yakiambatana na vipimo vilivyoandikwa tarehe na saa.