JINO LIKIOZA HADI NDANI: LING'OLEWE AU LIOKOLEWE?



Wengi wenu mnafika zahanati jino likiwa limeuma wiki nyingi, na mnasema neno moja tu: "Ling'oeni." Mara nyingine hakuna njia nyingine. Lakini jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena. Kwa hiyo ni vema ujue kwamba baadhi ya meno yaliyooza yanaweza kuokolewa.

Jino huozaje?

Sehemu ya nje ya jino ni ngumu kuliko mfupa. Ndani kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho hushuka mpaka kwenye mizizi. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Tundu likiwa dogo huzibwa, na kazi imekwisha. Likifika kwenye kiini, jino huuma lenyewe, hata usiku wa manane.

Baadaye maumivu yanaweza kukoma ghafla. Usidanganyike! Hujapona. Kiini kimekufa, na usaha unaweza kujikusanya kwenye ncha ya mzizi na kula mfupa.

Matibabu ya mzizi wa jino ni nini?

Mganga wa meno hukuchoma kwanza sindano ya ganzi. Kisha:

1. Hutoboa jino kwa juu na kutoa kiini kilichooza.
2. Husafisha mifereji ya mizizi kwa vifaa vyembamba kama sindano, na kuiosha kwa dawa ya kuua vijidudu. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego laweza kuwa na mitatu au minne.
3. Huijaza mifereji kwa kitu kinachofanana na mpira, kisha huziba jino. Gego mara nyingi huvikwa kofia ili lisipasuke.

Pengine utaitwa mara mbili au tatu. Usiache katikati, hata kama maumivu yamekwisha. Dawa ya muda ikitoka, vijidudu huingia tena.

Kazi hii huhitaji picha ya eksirei na vifaa ambavyo zahanati nyingi za kambini hazina. Kwa hiyo kabla ya kukubali kung'olewa, uliza: "Je, jino hili laweza kuokolewa? Rufaa ipo? Nani atalipa?" Ikiwa jino limevunjika mno, au rufaa haipatikani, kubali ling'olewe. Kung'oa nako ni tiba, tena ni afadhali kuliko kukaa na usaha.

Je, vidonge havitoshi?

Havitoshi. Damu haifiki tena ndani ya jino lililokufa, hivyo dawa nayo haifiki. Vidonge vya kuua vijidudu vyaweza kupunguza uvimbe, lakini chanzo kinabaki. Usinunue vidonge viwili vitatu sokoni.

Unaposubiri zamu yako:

- Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa kikombe kimoja.
- Mtu mzima aweza kumeza parasetamoli 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6. Asizidishe vidonge 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.
- Usiweke aspirini juu ya fizi, wala maji ya betri, wala petroli. Huunguza.

HATARI! Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukiona:

- uvimbe wa uso, shingo au chini ya ulimi;
- homa kali pamoja na uvimbe;
- shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo.

Usaha wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi. Ukiona tundu dogo, njoo mapema. Na jirani asiyejua kusoma, msomee karatasi hii.